Chakula cha Mwaka Kwanza, Ndipo Kuuza



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumtakia rehema na amani Mtume wake (s.a.w.), napenda tuzungumzie jambo linalotutaabisha sisi wa Ufipa kila mwaka, nalo ni matumizi ya fedha za mavuno.

Mwenye mshahara hupokea mara kumi na mbili kwa mwaka. Mkulima wa Sumbawanga hupokea mara moja, mahindi yakishavunwa kati ya Mei na Julai. Lakini huo ndio msimu wa harusi, wa kadi za michango, wa pikipiki na simu mpya. Bei nayo iko chini kwa kuwa kila mtu anauza. Mnunuzi hudai lumbesa, nasi tunampa. Ifikapo Januari mtoto anataka sare na madaftari, shamba linataka mbolea, na baba wa nyumba ananunua kwa debe, kwa bei ya juu, mahindi yale yale aliyoyauza kwa magunia.

Hapo ndipo huzaliwa balaa kubwa zaidi: kuuza mahindi yangali machanga shambani. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kuiva kwake. Na anayekukopesha leo ili umrudishie na nyongeza wakati wa mavuno, iwe fedha au magunia, hiyo ni riba hata akiiita msaada. Ipo biashara ya salam iliyoruhusiwa, ila ina masharti: bei yote ilipwe papo hapo, kipimo na muda vijulikane. Tuwaulize masheikh kabla ya kupokea fedha. Wengi wetu tunaona haya kuuliza, wala hatuoni haya kudaiwa.

Bukhari amepokea pia kutoka kwa Umar bin al-Khattab (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza tende za Banu Nadhir, na akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Aliuza, lakini hakuuza cha nyumbani.

Tuhesabu basi. Nyumba inayokula debe la kilo 20 kwa wiki inahitaji madebe 52 kwa mwaka, yaani magunia kumi ya kilo 100 na ziada kidogo. Hayo hayaguswi. Zaka, ambayo kwa shamba la mvua ni sehemu ya kumi mavuno yakifikia nisabu, itolewe mapema. Kisha mbolea, shule na matibabu. Harusi ipimwe kwa kilichobaki.

Sisemi tusile nyama wala tusioe. Surat al-Furqan, aya ya 67, inawasifu walio kati na kati. Wazee wetu waliolima ntumba, wakifukia majani yawe mbolea, walitaabika leo kwa ajili ya msimu ujao, na hawakuitwa mabahili.

Leo baada ya Isha, kila mume akae na mkewe, maana yeye ndiye ajuaye unga huisha lini, wahesabu magunia kabla lori la mnunuzi halijafika mlangoni.

Wabillahi tawfiq.