KUKETI PAMOJA MBELE YA DAFTARI



Nimeombwa kusema machache juu ya feza ya nyumbani. Labda wengine watashangaa: katekista na feza, wapi na wapi? Lakini sisi tunaotembelea familia tunajua kwamba magomvi mengi ya ndoa yanatoka huko, na kwamba hayo husemwa usiku, mlango umefungwa.

Mwalimu mmoja amenipa ruhusa kusimulia habari yake, bila jina. Alikopa dola 100 kwa ajili ya matanga ya mkwe wake. Kila mwisho wa mwezi mkopeshaji alidai dola 30 za riba, nazo zile 100 zikabaki palepale. Kwa miezi sita alikuwa amelipa dola 180, na deni halikupungua hata franka moja. Mke wake alijua kuna deni; kiasi chake hakukijua.

Mimi nilianza kwa kosa. Nilimhubiria. Nilimwambia apunguze pombe, aweke akiba. Aliitika kwa heshima, “Ndiyo, katekista,” na mwezi uliofuata alikopa tena kwa mwingine ili kulipa riba. Mwenye deni anajua tayari kwamba deni ni baya.

Ndipo nilipomkumbuka padri ekonomu wa seminari ndogo. Hakutukaripia kamwe juu ya vijifeza vyetu vya sabuni. Kila Jumamosi alitaka kuona daftari, kisha aliuliza: “Na hii, uliipanga?” Tuliliogopa swali hilo kuliko fimbo.

Nikarudi kwa mwalimu na daftari. Tuliketi watatu: yeye, mke wake na mimi. Hapo ndipo mama alipojua hesabu yote, na siku ile sikuona haya kutazama chini, maana alilia. Kwa majuma manne wao wenyewe waliandika kila kilichoingia na kutoka: unga, makala, sabuni, yunite za simu, michango. Mimi sikugusa feza yao, wala sikuwakopesha. Kazi ya mwenye kusindikiza ni kuuliza, kungoja jibu, na kufunga mdomo akitoka nje.

Mwisho wa mwezi waliona kwamba michango ya matanga na arusi ilipita chakula cha majuma mawili. Sikuwaambia waache kuchangia. Huo ndio udugu wetu. Waliamua kuweka kipimo cha mwezi. Kikiisha, wanakwenda kufariji mikono mitupu, na mama anasaidia kuchota maji.

Halafu mama akaleta wazo ambalo mimi nisingelipata. Alikuwa katika likelemba ya wanawake 12, kila mmoja dola 10 kwa mwezi. Aliwaomba wenzake wabadilishane naye zamu. Wakakubali. Kwa zile dola 120, pamoja na 10 za mshahara, walilipa deni lile kubwa na riba ya mwezi huo mara moja. Lile dogo walilimaliza baadaye, polepole.

Wazee wengine huniambia: kuweka akiba katika nchi hii ni kazi bure. Sitawacheka. Noeli ya 1979 ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina kazi tena, na watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Mwaka 1991, kule Kinshasa, wengi walipoteza feza waliyoweka kwa Bindo wakiahidiwa faida kubwa. Anayesindikiza familia asipuuze hofu hiyo. Aulize pamoja nao: Kooperative hii ina ruhusa ya Benki Kuu? Nani anatia sahihi? Kitabu cha akiba kiko mkononi mwa nani? Na mtu akiahidi faida kubwa kwa mwezi mmoja, anaitoa wapi?

Mapadri wetu, ninawaomba jambo moja. Mtupatie chumba chenye mlango, Alhamisi jioni, na watu wawili watatu wenye kutunza siri, wake kwa waume. Majina ya wenye madeni yasisikike kamwe penye matangazo ya Misa.

Mwalimu yule bado anaandika. Daftari ni la tatu sasa, na mwandiko mwingi ni wa mke wake.