Nywele Zinazonyonyoka kwa Upungufu wa Lishe: Je, Hurudi?



Wasusi wa Mwanza huuliza: mteja nywele zimepungua, kaambiwa hana vitamini, je, zitarudi? Mara nyingi hurudi, mradi shina liwe hai na kilichozing'oa kiondolewe. Sharti hilo la pili ndilo tunalolipuuza.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni mtoto mwenye unyafuzi. Nywele zake huwa nyembamba, zenye wekundu, ukizishika zinatoka bila maumivu. Akilishwa inavyotakiwa, nyeusi huota upya kutoka shinani huku ncha zikibaki na wekundu ule wa siku za njaa. Kwa mtu mzima mabadiliko hayaonekani wazi hivyo. Madini ya chuma, zinki au protini zikipungua, mashina mengi hupumzika kwa pamoja, na miezi miwili au mitatu baadaye nywele hutoka kwa wingi. Homa kali huleta jambo hilohilo, ndiyo maana mgonjwa huziona zikitoka wakati keshapona.

Msusi anaweza kuchunguza mwenyewe. Chukua unywele uliobaki kwenye kitana, uutazame mwangani. Ukiwa na kifundo cheupe mwishoni, umetoka shinani. Ukiwa hauna, umekatika, na hapo tuulize kuhusu dawa ya kulainisha. Ngozi ya pembeni mwa paji ikiwa nyororo, inang'aa, haina vitundu vya vinyweleo, hilo ni kovu la misuko iliyokazwa miaka mingi, na hakuna kidonge kitakachootesha nywele hapo tena. Mtoto mwenye mabaka ya duara yenye magamba huenda ana mapunye, apelekwe akatibiwe fangasi.

Sasa, upungufu unatoka wapi katika mkoa wenye samaki? Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Minofu ya sangara husafirishwa ng'ambo, na dagaa wengi huishia kwenye chakula cha kuku, ilhali dagaa anayeliwa mzima ana chuma na zinki. Lakini kwa watu wa mialoni na visiwani kama Ukerewe, mimi naona chakula ni nusu ya habari. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, na kichocho cha tumbo, kinachoambukiza wanaovua, wanaofua na wanaochota maji ziwani, nacho huvujisha damu. Mtu huyo akila dagaa kila siku bado chuma kinaweza kumwishia.

Kwa hiyo apimwe wekundu wa damu na choo, atibiwe kilichokutwa, kisha apewe vidonge vya kuongeza damu kwa miezi kadhaa. Chai asiinywe pamoja na mlo wala mara tu baada yake, maana huzuia chuma kufyonzwa. Chungwa au ndimu husaidia. Unywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, basi asitarajie mengi kabla ya miezi mitatu hadi sita. Vidonge vya biotini vinavyouzwa kwa bei kubwa havihitajiki kwa wengi, kwani upungufu wake ni nadra. Vitamini A ikizidi, yenyewe hunyonyoa nywele.

Wasusi, nyinyi ndio mnaouona utosi wa mama kabla ya daktari. Kabla ya kumuuzia mafuta ya kuotesha, mwelekezeni kituo cha afya akapime damu na choo.