Mzega wa Droni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Klabu ya Sayansi, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niunge mkono mchango wa kununua mota kubwa zaidi za droni ya klabu. Leo siungi mkono. Nimeitazama droni yenyewe: betri imefungwa mbele, na kamera nayo mbele.

Mmewaona wachukuzi wa maji. Ndoo moja ikizidi ya pili, mchukuzi hatafuti bega kubwa. Huusogeza mzega mpaka utulie. Hapo unapotulia ndipo penye kitovu cha uzito.

Tupige hesabu. Droni ina kilo 2, na toka mota za mbele hadi za nyuma ni sentimeta 40. Kitovu kikisogea mbele sentimeta 2 tu, mota mbili za mbele hubeba kilo 1.1, za nyuma kilo 0.9. Mtasema ni kidogo. Lakini umeme unaoliwa hukua upesi kuliko uzito: kila mota ya mbele hula asilimia 15 hivi zaidi ya ambavyo ingekula mzigo ungegawanyika sawa, nayo huchemka. Za nyuma hula pungufu, kwa hiyo betri haiishi mapema, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kompyuta iliyomo ndani nayo husawazisha kimyakimya, kama karani anayemfichia bosi wake. Kilichopotea ni akiba. Upepo ukiikandamiza mbele, mota za mbele hazina nguvu ya kutosha iliyobaki ya kuiinua.

Tena mnataka ipeleke dawa zahanati na kuzidondosha. Nchini Rwanda, tangu 2016, ndege za Zipline zisizo na rubani zimekuwa zikidondosha damu kwa miavuli. Fikirini mzigo unapotoka: ukiwa penye kitovu, chombo huwa chepesi tu, ukiwa mbali nacho, mizani yote hubadilika papo hapo, angani.

Basi zimeni droni, ondoeni mapanga yake. Iinueni kwa kidole kimoja kila upande, katikati kabisa ya mota za mbele na za nyuma. Sogezeni betri nyuma kidogo kidogo hadi itulie, mpige alama ya rangi. Rudieni kwa kushoto na kulia. Jumamosi irusheni dakika 5, kisha mguse mota zote nne. Zikiwa na joto sawa na bado haiwezi mzigo wa dawa, Mwenyekiti aniletee daftari la mchango, nitaandika jina langu la kwanza.