Brokoli ya Nyumbani: Kata Kichwa, Acha Shina

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Nyandarua kuhusu kilimo cha brokoli kuanzia mbegu



Nyandarua inajulikana kwa viazi, kabichi na maziwa. Brokoli bado ni mgeni katika nyumba nyingi, ingawa ni ndugu wa damu wa kabichi na sukuma wiki: zote tatu ni za spishi moja. Hupenda ubaridi wa wastani, nyuzi 15 hadi 20 hivi, na hali hiyo hupatikana katika sehemu kubwa ya kaunti hii. Aliyezoea kulea kabichi hana mengi mapya ya kujifunza.

Lakini kuna tofauti moja inayowakosesha wengi mavuno. Kabichi ikikatwa, kwa kawaida kazi imekwisha. Brokoli ikikatwa kichwa cha katikati, macho yaliyo kwenye makwapa ya majani huamka na kutoa vichipukizi, kila kimoja na kichwa chake kidogo. Mkulima anayeng'oa shina siku ya kwanza ya kuvuna huwatupia ng'ombe mboga ya wiki kadhaa. Kwa familia yenye robo ekari, hiyo si hasara ndogo.

Safari huanza na mbegu. Brokoli nyingi zinazouzwa ni chotara, na bei ya pakiti huwa juu kuliko ya sukuma wiki. Kwa hiyo inafaa kununua katika duka la pembejeo lililosajiliwa na KEPHIS, kusoma tarehe ya mwisho ya matumizi, na kuuliza aina inayofaa nyanda za juu. Ziko brokoli za zambarau za Ulaya ambazo kwa asili huhitaji baridi ya muda mrefu ndipo zitoe maua. Anayeagiza mbegu hizo kwa kuvutiwa na picha anaweza kulea majani matupu kwa miezi. Vilevile, mbegu za chotara hazifai kuhifadhiwa kwa msimu ujao, kwa sababu watoto hawatafanana na mama.

Pili ni kitalu. Mbegu hupandwa kina cha sentimita 1, katika mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, kisha hufunikwa kwa nyasi kavu. Huota baada ya siku 5 hadi 10, na zikianza kuchungulia, nyasi huondolewa. Miche mingi hufa kwa kinyausi, ugonjwa unaooza shina karibu na udongo mpaka mche unalala. Ugonjwa huu hupenda miche iliyosongamana na udongo uliolowa kupita kiasi. Kinga yake ni kupanda kwa nafasi, kumwagilia asubuhi, na kutoweka kitalu mahali palipokuwa na kabichi au sukuma wiki. Katika miezi ya usiku mkavu na baridi, ambapo umande huganda alfajiri, miche ifunikwe jioni kwa nyasi au gunia na kufunuliwa jua likichomoza.

Ni vizuri pia kutopanda pakiti yote siku moja. Mbegu chache kila baada ya wiki tatu huiwezesha nyumba kula kwa zamu, badala ya vichwa vyote kukomaa pamoja na kuchanua vikiwa shambani.

Tatu ni kupandikiza. Miche huwa tayari baada ya wiki 4 hadi 6, ikiwa na majani manne au matano. Nafasi ni sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya shina na shina. Kitanda chenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3 hubeba mistari miwili, yaani mashina 12 hivi. Kila shimo hutiwa samadi iliyooza vizuri. Kazi hii hufanywa jioni au siku ya mawingu, na maji yafuate papo hapo.

Nne ni wadudu. Vidukari hujificha chini ya majani na ndani ya vichwa, na viwavi hutoboa majani. Katika bustani ndogo, kukagua kila baada ya siku mbili na kuwaokota viwavi kwa mkono hutosha mara nyingi. Ikibidi kunyunyiza dawa, iwe ile iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB, na lebo yake isomwe. Kila lebo hutaja siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna. Kwa kuwa brokoli huvunwa mara kwa mara, ni rahisi kuzisahau siku hizo, na wanaoila mboga hiyo ni watoto wa nyumba hiyo hiyo.

Tano ni mavuno yenyewe. Aina nyingi hutoa kichwa siku 60 hadi 90 baada ya kupandikizwa. Kichwa hukatwa kikiwa kimefumba na kijani kibichi, kabla ya rangi ya manjano kuonekana. Kisu kikali hukata kwa mshazari, pamoja na sentimita 10 hadi 15 za shina, ili maji ya mvua yateleze na kidonda kisioze. Majani yaliyobaki yasiguswe, maana ndiyo yanayolisha vichipukizi. Shina liongezewe samadi kidogo na maji. Vichipukizi vikatwe kila baada ya siku chache, kwa kuwa vikiachwa vichanue, mmea hugeukia kutengeneza mbegu na mavuno hukoma.

Jikoni, dakika tatu hadi tano za mvuke zinatosha. Kuchemsha kwa muda mrefu hupunguza vitamini C, na maji yakimwagwa nayo huenda. Majani machanga na shina lililomenywa pia ni mboga.

Mwenye swali kuhusu udongo, mbegu au ugonjwa amfikie afisa wa kilimo katika wadi yake, akiwa amebeba jani au mche ulioathirika.