MTOTO, MAMA NA CHAMA: MAFASHISTI WALIVYOTAWALA NYUMBA ZA WAFANYAKAZI HUKO ITALIA

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Leo tunataka kuzungumza habari za nchi ya mbali na za miaka iliyopita. Hata hivyo ni habari zinazomhusu kila mtu anayeishi kwa mshahara.

Wengi wetu tumesikia jina la Mussolini. Wazee wetu waliokuwa askari wa King's African Rifles walipigana na majeshi yake mwaka 1940 na 1941. Dereva anayeteremka Bonde la Ufa kwa barabara ya zamani ya kwenda Naivasha hulipita kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Lakini ni wachache wanaouliza: vijana wale walifikaje huku kwetu, na ni nani aliyewafundisha kwamba nchi ya watu wengine ni haki yao?

Mussolini alishika serikali Oktoba 1922. Kabla ya hapo wafanyakazi wa Italia walikuwa na vyama vyenye nguvu. Wanawake waliopalilia mpunga katika mashamba ya Vercelli walipigania siku ya kazi ya saa nane, wakaipata mwaka 1906. Wafashisti walianza kwa kuchoma ofisi za vyama na kuwapiga viongozi. Oktoba 1925 matajiri wa viwanda walipatana na vyama vya Kifashisti kwamba watazungumza wao kwa wao tu, na chama kingine chochote kisitambuliwe.

Sasa tunaomba mshike tarehe moja: 3 Aprili 1926. Siku hiyo ilitolewa sheria iliyofanya mgomo kuwa kosa la jinai. Na tarehe hiyo hiyo ilitolewa sheria nyingine iliyoanzisha shirika la kulea watoto kwa njia ya Kifashisti, lililoitwa Opera Nazionale Balilla. Baba alifungwa mdomo kazini, na mwanawe akachukuliwa ili afundishwe kwamba mdomo wa babake ulistahili kufungwa. Mtu akisoma sheria ya kwanza bila ya pili, hajaelewa jambo lililofanyika.

Tuangalie watoto kwanza. Wahenga wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mussolini alilijua neno hilo ingawa hakujua Kiswahili. Mvulana aliingia Balilla akiwa na miaka 8, na akifika miaka 14 alipandishwa kuwa Avanguardista mpaka miaka 18. Baadaye wakawekwa hata wadogo wa miaka 6, wakaitwa Wana wa Mbwa Mwitu. Walivikwa shati jeusi, wakapigishwa gwaride, wakapewa bunduki ndogo zilizotengenezwa kwa kimo chao. Walifundishwa maneno matatu: amini, tii, pigana. Kufikiri hakukuwamo.

Mwanzoni kujiunga hakukuwa lazima kwa sheria. Lakini mzazi aliyekataa alijua kwamba mwanawe atatazamwa vibaya shuleni, na yeye mwenyewe atatazamwa vibaya kazini. Njia nyingine zilizibwa moja moja. Mwaka 1928 Skauti wa Kikatoliki walipigwa marufuku. Tangu mwaka wa shule wa 1930 shule za msingi zilitumia kitabu kimoja tu cha serikali. Walimu waliapishwa, na mwaka 1931 maprofesa wa vyuo vikuu wakatakiwa kula kiapo cha utii kwa serikali ya Kifashisti. Walikuwa zaidi ya elfu moja, na waliokataa hawakuzidi sana kumi. Mwaka 1935 alasiri ya Jumamosi, ambayo mfanyakazi angepumzika na watoto wake, ikafanywa saa za gwaride. Hata muda wa mtu na mwanawe ukawa wa serikali.

Basi, je, wasichana? Nao walikuwa na vikundi vyao: Waitaliano Wadogo wa miaka 8 hadi 14, kisha Waitaliano Vijana mpaka miaka 18. Walifanya mazoezi ya viungo na kupita mbele ya wakubwa kwa mistari, lakini mafunzo yao yalikuwa kushona, kutunza nyumba, kulea mtoto na kufunga majeraha. Mvulana alitayarishwa kuwa askari, na msichana alitayarishwa kumzaa askari.

Mnamo Mei 1927 Mussolini alihutubia Bunge akasema taifa la watu milioni 40 ni lazima lifikie milioni 60 kabla ya katikati ya karne. Tangu mwaka huo mwanamume asiyeoa, wa miaka 25 hadi 65, alitozwa kodi ya ukapera. Mwaka 1928 mtumishi wa serikali mwenye watoto 7 alipunguziwa mzigo wa kodi, na mtu mwingine alitakiwa afikishe 10. Akina mama waliozaa sana walipelekwa Roma na kupewa zawadi mbele ya watu.

Msidhani kwamba tunadharau kazi ya mama. Mtoto ni baraka, na mzazi ni mtu wa heshima kila mahali. Tunachouliza ni hiki: ikiwa mama aliheshimiwa hivyo, kwa nini haki zake zilipunguzwa? Mwaka 1926 walimu wanawake walikatazwa kufundisha historia, falsafa, Kilatini na lugha ya Kiitaliano katika shule kubwa za sekondari. Mwaka 1938 ilitolewa amri kwamba katika ofisi za serikali na za matajiri wanawake wasizidi 10 katika kila wafanyakazi 100. Viwandani na mashambani hawakufukuzwa, kwa sababu huko walihitajika, na mara nyingi walilipwa karibu nusu ya mshahara wa mwanamume. Aliyeambiwa kwamba mahali pake ni jikoni hakuwa na pa kudai mshahara sawa. Na mwanamume aliyelishwa neno hilo alifurahi kwamba yuko juu ya mtu fulani, huku mshahara wake mwenyewe ukikatwa kwa amri mwaka 1927 na tena mwaka 1930. Yeye hakuweza kugoma, wala hakumtaka mkewe agome pamoja naye. Tajiri angeomba nini zaidi?

Mazao ya malezi hayo yalionekana karibu na sisi. Mvulana aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1926 alikuwa na miaka 21 Oktoba 1935, majeshi ya Italia yalipoingia Uhabeshi, ambayo leo twaiita Ethiopia. Watu wa nchi ile walimwagiwa gesi ya sumu kutoka angani. Na tarehe 18 Desemba 1935 wanawake wa Italia waliitwa watoe pete zao za ndoa ili dhahabu isaidie vita. Malkia alitoa yake kwanza, na wengi wakafuata, wakarudishiwa pete za chuma. Wako waliotoa kwa kupenda, na wako waliotoa kwa kuogopa macho ya jirani. Kwanza aliombwa mtoto, kisha akaombwa pete, na mwishowe mtoto yule akaombwa tena, safari hii asirudi.

Ndugu, lakini habari haikuishia hapo, na kwa sababu hiyo tumeichagua leo. Samaki hakukunjika kama walivyotaka. Wanawake hawakuzaa kwa amri: miaka ile ya kampeni idadi ya watoto waliozaliwa kwa kila watu elfu ilipungua badala ya kupanda. Wapaliliaji wa mpunga waligoma mwaka 1927 na tena mwaka 1931 mishahara yao ilipokatwa, ingawa mgomo ulikuwa kosa. Na mwezi Machi 1943, katikati ya vita na njaa, wafanyakazi wa Fiat mjini Turin walisimamisha kazi, na mgomo ukaenea mpaka Milan. Walidai mkate, malipo na amani. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyetiwa Balilla akiwa na miaka 8 mwaka 1926, mwaka ule wa 1943 alikuwa na miaka 25. Wengi katika viwanda vile walikuwa vijana hao hao, waliofundishwa kutii tangu utoto. Wanawake waligoma pamoja nao. Miezi minne baadaye, tarehe 25 Julai, Mussolini aliondolewa. Mwaka 1946 wanawake wa Italia walipiga kura ya taifa kwa mara ya kwanza, na katiba iliyoanza 1 Januari 1948 iliandika kwamba mwanamke afanyaye kazi ile ile apate malipo yale yale, kwamba vyama vya wafanyakazi ni huru, na kwamba kugoma ni haki.

Gwaride la miaka kumi na saba lilishindwa na nini? Tunavyoona sisi, lilishindwa na bei ya mkate, na wazee waliokumbuka. Katika viwanda vile walikuwapo mafundi waliokuwa wanachama kabla ya 1926. Hawakuwa na ofisi wala kadi, lakini walimweleza kijana aliye karibu nao kwamba zamani saa za kazi zilipatanwa, hazikuamriwa.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili. La kwanza, mzee wa chama asiweke habari zake moyoni mpaka kaburini. Awaeleze wanawe, wa kiume na wa kike sawasawa, jinsi mshahara ulivyopatikana. La pili, mama afanyaye kazi asiachwe nje ya mkutano kupika chai, wakati mshahara wake ndio unaojadiliwa ndani. Mtu akija kwetu kusema kwamba watoto wafundishwe kutii tu, na kwamba wanawake wanyamaze kwa heshima ya taifa, tumuulize kwanza anakusudia kufanya nini na chama.

 Wenye maswali na waulize.