JINA LAKO KWENYE ORODHA YA MGAWO: LINATOKA WAPI, LINAPOTEA VIPI

(Mazungumzo na wakazi wa kambi, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado)



Siku ya mgawo hakosi mtu anayefika na kadi yake, akasimama juani, na akifika mezani akaambiwa, "Jina lako halimo." Anarudi kwa watoto mikono mitupu, huku akiamini kwamba karani amemfuta. Mara nyingi sivyo ilivyo. Leo tueleweshane orodha ile inatoka wapi, ili ujue pa kwenda kudai haki yako.

1. Daftari na orodha ni vitu viwili

Orodha anayoisoma karani katika simu au tableti siyo daftari lenyewe. Daftari kuu la usajili limo katika kompyuta iliyo mbali. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lina daftari liitwalo proGres. Shirika la chakula, WFP, lina lake liitwalo SCOPE. Mashirika mengi pia huweka orodha zao za kazi kwenye intaneti, ili makarani wa Palma, Mocímboa da Praia na Pemba wasome kitu kimoja. Orodha hizo huweza kuunganishwa na daftari kuu, na majina yakatiririka kutoka huko.

Chukua mfano wa tangi na bomba. Anayekinga maji bombani hawezi kuongeza maji ndani ya tangi. Vivyo hivyo, karani wa mgawo kwa kawaida amepewa ruhusa ya kusoma tu. Kumgombeza hakuleti unga. Kosa husahihishwa kwenye meza ya usajili. Tena orodha huandaliwa kabla ya siku ya mgawo; ukisahihishiwa leo, uliza: "Jina langu litaonekana mgawo gani?"

2. Kinachounganisha ni namba

Kompyuta haikujui kwa sura wala kwa ukoo. Sisi tunajua kwamba Bakari na Bacar ni jina moja, na Shabani na Chabane ni jina moja. Moja limeandikwa kwa Kiswahili, jingine kwa Kireno. Kompyuta huona watu wawili. Kwa sababu hiyo kila kaya hupewa namba, na namba hiyo ndiyo inayofunga daftari na orodha pamoja. Tarakimu moja ikikosewa, kamba imekatika: jina lako limo katika daftari, lakini kwenye orodha halionekani.

Kwa hiyo itunze kadi yako isilowe. Namba iandike pia mahali pengine, na mtu mzima mwingine wa nyumbani aijue. Jina lako liandikwe namna moja kila mahali, kama lilivyo katika kitambulisho cha taifa ikiwa unacho.

3. Ukihama, hamisha na jina

Tangu Oktoba 2017 watu wa pwani hii wamekimbia zaidi ya mara moja. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, wengine walipanda mashua hadi Pemba, wengine walikwenda kwa miguu hadi Quitunda, Nangade na Mueda. Baadaye wengi wamerudi. Mtu aliyeandikishwa Metuge, kisha akaandikishwa upya Palma, huenda hakukusudia kudanganya. Lakini alama za vidole zikilinganishwa, ataonekana ni mtu mmoja mwenye kaya mbili, na mgawo wake huweza kusimamishwa mpaka achunguzwe. Sema mapema: "Niliandikishwa Metuge, naomba nihamishwe."

Jambo hili si dogo. Kule Kenya, karibu na kambi za Dadaab zilizofunguliwa mwaka 1991, wananchi wengi wenye njaa waliandikishwa kama wakimbizi ili wapate chakula. Wengine walikuwa watoto, wakiandikishwa na wazazi wao. Walipokua na kuomba kitambulisho cha taifa, vidole vyao vilikutwa katika daftari la wakimbizi. Maelfu walikataliwa uraia wao kwa miaka mingi, ingawa walizaliwa Kenya. Madaftari mawili yakiunganishwa, la zamani humfuata mtu.

4. Nani mwingine anasoma?

Daftari lililounganishwa husomwa na watu wengi. Mwaka 2018 UNHCR na WFP walitia sahihi mapatano juu ya kupeana taarifa za watu wanaosaidiwa. Hilo husaidia, maana huhitaji kuandikishwa mara mbili. Lakini hatari ipo. Januari 2022 shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa, ICRC, liligundua kwamba wezi wa kompyuta wameingia katika taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita.

Wewe uliyekimbia vita unajua thamani ya kutojulikana ulipo. Basi kabla ya kuweka kidole kwenye mashine, uliza maswali matatu: Taarifa zangu ni za kazi gani? Nani mwingine atapewa? Zikiwa na kosa, nimwone nani? Kuuliza si ukaidi. Ni haki yako, na karani anapaswa kukujibu kwa lugha unayoielewa.

MKUMBUKE:

- Mtoto akizaliwa, mtu akifariki au akihama, toa habari kwenye meza ya usajili.
- Kadi ikipotea, eleza siku hiyo hiyo. Usiazime kadi ya jirani.
- Usimpe mtu namba yako kwa simu, hata akidai ni mfanyakazi wa shirika.
- Usajili ni bure. Anayetaka pesa, sehemu ya mgawo wako, au jambo lolote la aibu ili akuandike, anavunja sheria. Peleka malalamiko kwenye meza ya malalamiko.
- Wazee wasioona na wasiojua kusoma wasindikizwe na mtu wanayemwamini.

Asiyesikia leo aambiwe na jirani yake.