Mavuno Mazuri ya Ufuta na Hatima ya Ruzuku ya Kaya

Mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini



Kila msimu wa ufuta unapofika, mnada ukafanyika na fedha zikaingia kupitia chama cha msingi, swali moja huzuka katika kaya zilizomo kwenye Mpango unaosimamiwa na TASAF: je, fedha hizi zitasababisha ruzuku ikatwe? Swali hilo huulizwa kwa sauti ya chini, na wengi hawaliulizi kabisa. Huamua kuficha.

Chukulieni mfano wa bibi mjane anayelea wajukuu watatu na kulima ekari mbili. Mwaka huu mvua zilimkubali, na bei ya mnada nayo haikumwangusha. Akanunua bati kumi na nane. Lakini bati hizo ziko kwa jirani, zimefunikwa turubai, na yeye angali analala chini ya makuti yanayovuja, kwa kuwa ameambiwa kwamba siku atakapoezeka ndiyo siku jina lake litakapofutwa.

Bibi huyo ameambiwa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli huumiza kuliko uongo mtupu.

Kaya iliingia katika Mpango kwa hatua zinazojulikana: wanakijiji waliitaja katika mkutano wao, ikahojiwa kwa dodoso, kisha orodha ikarudishwa kwa wanakijiji kuthibitishwa. Dodoso halikujengwa juu ya fedha iliyoingia mwezi fulani. Linatazama mambo ambayo hayabadiliki kwa msimu mmoja: kaya ina watu wangapi na wangapi kati yao ni wategemezi, elimu ya mkuu wa kaya, kuta, sakafu, paa, choo, mali na mifugo. Majibu hayo hujumlishwa pamoja, na hakuna jibu moja linaloamua peke yake. Fedha iliyoingia mara moja, ikalipa deni la dukani na sare za shule, haiachi alama katika hesabu hiyo.

Bati huhesabiwa, na itakuwa si haki kulificha hilo hapa. Lakini huhesabiwa wakati kaya inapotathminiwa upya, si wiki bibi alipopigilia misumari, na huhesabiwa pamoja na wajukuu watatu, sakafu ya udongo na ekari mbili zinazotegemea mvua. Tena, nyumba isiyovuja ni miongoni mwa mambo ambayo ruzuku ilikusudiwa kuyaleta. Kaya inayoonekana kwamba imeimarika kweli huhitimu na kuiachia nafasi kaya nyingine. Kuimarika huko ni jambo la miaka, wala halipimwi kwa gunia la ufuta. Aidha, anayeficha bati huficha mbele ya majirani walewale watakaokaa katika mkutano wa uthibitisho, nao wanajua turubai lile limefunika nini.

Hofu kama hiyo ipo pia kwa ajira za muda. Baadhi ya walengwa wamejizuia kwenda kuchimba malambo na kutengeneza barabara za vijiji wakidhani ujira utakatwa kwenye ruzuku. Ujira huo, ambao ni wa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, ni nyongeza juu ya ruzuku.

Ipo, hata hivyo, njia moja ambayo msimu mzuri huipunguza ruzuku kwelikweli, na hiyo haizungumzwi vya kutosha. Sehemu ya ruzuku inayotolewa kila baada ya miezi miwili huambatana na masharti: mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na mtoto mdogo afikishwe kliniki kwa ratiba yake. Mvuno ukiwa mkubwa, kaya nzima huhamia shambani, ikajenga kibanda, na watoto wakakaa huko wiki nne au sita. Daftari la mwalimu halijui kwamba kulikuwa na ufuta wa kupura. Linajua kwamba mtoto hakuwapo. Malipo yanapopungua, mama husema ameadhibiwa kwa kuuza ufuta, kumbe kilichopunguza ni zile siku za kibandani. Ni afadhali mtoto abaki kijijini kwa shangazi au bibi yake, au, ikiwa atahamia shule nyingine, taarifa zake zirekebishwe mapema ili mahudhurio yake yasomwe mahali alipo.

Marekebisho hayo huanzia kwa kamati ya usimamizi ya jamii au ofisi ya mtendaji wa kijiji. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa, mwanakaya aliyefariki, au kaya iliyohama. Ambaye malipo yake yamepungua bila maelezo ana haki ya kuuliza hapohapo, na asiporidhika, malalamiko yake yapelekwe kwa mratibu wa TASAF katika halmashauri. Jirani anayesema "fulani ameuza ufuta, atolewe" hana mamlaka ya kumtoa mtu, wala mjumbe wa kamati peke yake hana.

Kuhusu bati kumi na nane zilizo chini ya turubai: mvua za Desemba haziko mbali, na fundi wa kuezeka ni rahisi kumpata sasa kuliko atakavyopatikana mwezi Novemba.